Mguu wa Tende

Yunusu alikuja uani asubuhi moja ya masika kuomba mashuka yaliyochanika. Mwanasha, aliyekuwa na povu mpaka viwikoni, akamuuliza anayatakia nini.

"Ya kumfunga mgonjwa," alisema Yunusu.

Mwanasha binti Ismaili hakuwa mtu wa kukaa kitako wakati mgonjwa anafungwa na mwanamume. Alijipangusa mikono, akachukua mashuka mawili yaliyochakaa, akamfuata nyuma ya hoteli. Mgonjwa alikuwa na kwato nne.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kazi ya farasi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Mitole kule Kilwa, ambaye hadi siku ile hakuwahi kumshika mnyama mkubwa kuliko mbuzi. Hoteli ilikuwa ya Mzee Ignasi, nje kidogo ya mji wa Lindi, vyumba kumi na viwili vya makuti. Mzee Ignasi aliwaleta farasi watatu kutoka Arusha ili wageni wapande na kupiga picha ufukweni, na Yunusu, mzee mfupi mwenye matege, alikuja pamoja nao kama sehemu ya shehena. Jike la rangi ya hudhurungi waliliita Tende. Huyo ndiye aliyekuwa amevimba miguu ya mbele, kwa kuwa mvua ilikuwa imemfungia bandani siku tano bila kutembea.

Mwanasha alimtazama Yunusu akichana shuka vipande virefu na kukizungusha kimoja mguuni, akacheka.

"Babu, huo si mkaja huo?"

"Mkaja ni kitu gani? Kwetu hatuna neno hilo."

Akamweleza. Mama yake alikuwa mkunga, na tangu Mwanasha yuko kigori ndiye aliyemshikia upande mmoja wa kitambaa wakati wa kuwafunga wazazi tumbo. Kwanza kanga iliyokunjwa vizuri hulazwa juu ya tumbo, ndipo kitambaa huzungushwa juu yake, kikae sawasawa, pasiwe na kunjo hata moja la kumkata mzazi. Kikishafungwa, mzazi aweze kula, kupumua na kucheka. Wanaume wanaosubiri nje husikia sauti moja tu, "Kaza! Kaza!", wakatoka hapo wakiamini kwamba mkaja ni kukaza.

Yunusu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa ncha ya bandeji. "Basi shika. Wewe unajua zaidi ya nusu."

Nusu iliyobaki alimfundisha kwa miezi. Mguu uliovimba kwa kusimama, kwanza mwagia maji baridi, dakika ishirini. Mwanasha hakujua saa, kwa hiyo dakika ishirini kwake zikawa ndoo kumi na mbili zinazomwagwa taratibu. Kausha mguu, maana bandeji juu ya unyevu huoza ngozi. Laza pamba nene. Zungusha kuanzia chini ya goti, shuka mpaka kifundo, panda tena, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Fundo lisikae nyuma, kwenye kano. Kidole kipite. Funga na mguu wa pili hata kama ni mzima, kwa sababu huo ndio unaobeba mzigo wa mwenzake. Jioni fungua, papasa, funga upya, na asubuhi vivyo hivyo. Mtembeze kidogo kidogo hata kama mvua inanyesha. Ukikuta joto kali, au mguu mmoja peke yake, au anachechemea, acha ufundi wako, ita daktari.

Hayo yote Mwanasha aliyashika kichwani. Yunusu alipozeeka mno na kurudi kwao Arusha, alimwachia banda bila sherehe. Miaka minne Mwanasha alitoka chumbani kwake mtaa wa Mtanda alfajiri, akawa wa kwanza kusikia Tende anavyokoroma akimsikia anakuja. Wageni walimpiga picha, na Mzee Ignasi aliwaambia, "Huyu ndiye mama wa farasi." Mwanasha aliamini.

Kuamini maneno ya watu kulikuwa kumemgharimu mara moja tayari. Baba yao alipofariki alimwachia mikorosho arobaini kule Mitole, na kaka yake Hussen akaja na karatasi na wino. "Weka dole hapa, dada. Ni ya kujiandikisha tupate salfa ya kupulizia." Akaweka dole. Msimu uliofuata alipokwenda kuokota korosho, Hussen alimfukuza shambani mwake mwenyewe mbele ya majirani, karatasi mkononi, dole lake chini yake likionekana waziwazi kama uso. Tangu siku hiyo Mwanasha alichukia karatasi, na waliozisoma aliwachukia kidogo pia, ingawa hakuwahi kulisema hilo kwa mtu.

Kwa hiyo Mzee Ignasi alipomleta Klementi, kijana wa watu wa Masasi aliyemaliza kidato cha nne, mwana wa rafiki yake wa kanisani, na kusema kwamba kuanzia sasa huyu ndiye msimamizi wa banda, Mwanasha alisikia jambo lilelile likirudi kwa mlango mwingine.

"Dawa zina maandishi, Bi Mwanasha," alisema Mzee Ignasi, si kwa ubaya. "Daktari anaacha maelekezo. Wageni nao wanauliza maswali. Wewe mfundishe wiki moja, halafu utarudi kwenye mashuka, kazi yako si imekuwa nyingi?"

"Sawa, Mzee."

Akamfundisha. Lakini alimfundisha kama mtu anayemmwagia maji mgeni asiyemtaka, mradi mikono iloe. Siku ya bandeji alifunga mguu wa Tende haraka, akiwa amempa Klementi mgongo. Klementi naye alikuwa na simu. Aliponyanyua uso, mguu ulikuwa tayari umefungwa.

"Umefanyaje hapo, Bi Mwanasha? Umenipita."

"Kama mkaja," alisema. "Huujui mkaja? Mkeo akizaa utaujua."

Klementi akacheka, akaona amejibiwa.

Masika ya mwaka jana mvua ilishika siku sita. Wageni waliondoka, farasi wakasimama bandani, na Tende akavimba kama kawaida yake. Romana, mpishi, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bure, alitoka jikoni na mwiko wake akatangaza uani: "Jamani, Tende kapata matende! Jina limemponza. Mngemwita Embe angekuwa mzima!" Hata mtunza bustani alicheka. Mwanasha hakucheka. Alibeba ndoo yake ya mashuka akapita karibu na banda, njia ambayo kwa kweli haikuwa ya lazima.

Klementi alikuwa ameinama kwenye mguu wa kushoto. Ncha moja ya bandeji ameiuma kwa meno, nyingine ameizungusha mkononi, mguu wake ameukandamiza kwenye nguzo apate nguvu za kuvuta. Jasho lilimtoka. Rafuni, nyuma ya kichwa chake, lilikaa furushi la pamba ambalo halijafunguliwa.

"Bi Mwanasha, shikamoo."

"Marahaba."

"Bora umepita. Ulisema kama mkaja, si ndiyo?"

Mwanasha aliiona pamba. Aliuona mguu wa Tende ukiwa bado unang'aa maji. Aliliona fundo likielekea nyuma kabisa, pale pasipotakiwa. Tende alimgeuzia kichwa, akakoroma kidogo alivyozoea.

"Ndiyo," alisema. "Kama mkaja."

Akapita na ndoo yake.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka alikuwa akiwaza nini, na ukweli ni kwamba alikuwa akiwaza jambo dogo sana. Aliwaza kwamba jioni Klementi atafungua, atakuta alama, Mzee Ignasi ataziona, ataita, "Mwiteni Bi Mwanasha!" Hiyo tu. Alitaka aitwe. Alama za bandeji ya nusu siku hupona, alijua hilo, aliwahi kuziona. Hakumtakia Tende mabaya.

Lakini mchana Klementi akapigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki Masasi. Aliondoka na mkoba mdogo akisema atarudi kesho yake asubuhi. Alimwambia mtunza bustani awatupie farasi majani. Habari ya bandeji hakuitaja, maana hakujua kama inafunguliwa jioni. Mwanasha hakuwahi kumwambia, na asubuhi ile hakulikumbuka hilo. Na mvua ikakata barabara.

Kesho yake adhuhuri, Romana alikuja uani akiwa amejifunika mfuko wa unga kichwani.

"Mwenzangu, yule jike wako anapiga ukuta tangu asubuhi. Anapiga kwato, anapiga kwato."

"Si wangu," alisema Mwanasha. "Ana mwenyewe. Kasoma."

"Haya, kasoma, lakini hayupo."

"Atarudi."

Romana alimtazama kidogo, akarudi jikoni. Mwanasha akaendelea kukamua shuka. Sauti ya kwato ilimfikia katikati ya mvua, kavu, moja moja. Kutoka pale alipoketi hadi bandani ni hatua arobaini. Angekwenda, afungue, apapase, afunge upya kwa pamba, na dunia nzima isingejua. Lakini alikuwa ameambiwa arudi kwenye mashuka, na mashuka ndiyo yaliyokuwa mikononi mwake, akayashikilia. Alikamua shuka lilelile mara tatu.

Kufikia jioni sauti ilikuwa imekoma, na Mwanasha alijiambia kwamba ametulia.

Klementi alirudi siku ya tatu asubuhi, ana matope mpaka magotini, na kabla hajabadilisha nguo alikwenda bandani. Alichosikia Mwanasha baada ya hapo ni yeye akipiga kelele kuomba mkasi.

Bandeji ilikuwa imekauka juu ya mguu ikawa ngumu. Juu yake goti lilikuwa limefura, chini yake kifundo vilevile, na pale katikati, ilipokatwa na kufunguliwa, ngozi ilikuwa imeingia ndani mifereji mifereji, mingine myeupe, mingine imechanika na kutoa harufu. Tende aliuweka mguu chini kwa ncha ya ukwato tu, akitetemeka. Mguu wa kulia nao, uliobeba mzigo wote peke yake bila kufungwa, ulikuwa umejaa.

Daktari Theresia alifika mchana. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyependa kuongea anapofanya kazi. Alipapasa kano nyuma ya mguu kwa vidole viwili, akashuka, akapanda, akashuka tena. Kisha akanyanyuka.

"Ataishi. Lakini hatapandwa tena." Akamgeukia Klementi. "Nani alikufundisha kufunga hivi?"

Klementi alikuwa akilia bila kujificha. "Bi Mwanasha. Aliniambia nifunge kama mkaja."

Wote wakamtazama Mwanasha: Mzee Ignasi, Romana na mtunza bustani. Hapo ndipo alipoitwa, kama alivyotaka. Angeweza kusema kweli kwa maneno machache. Badala yake alisikia ulimi wake ukichukua njia nyingine.

"Mimi? Mimi sijasoma, Daktari. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake anamfundishaje mtu wa kidato cha nne?"

Mzee Ignasi akatikisa kichwa, akimwonea Klementi aibu. Jibu la Mwanasha lilimwingia mzee bila shida, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiamini mwenyewe siku zote. Daktari Theresia peke yake ndiye aliyemtazama Mwanasha muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akafungua mkoba wake akatoa dawa.

Klementi aliondoka wiki ileile. Hakufukuzwa kwa kelele. Aliambiwa tu kwamba labda kazi ya wanyama si yake. Alipokwenda kuaga alimshika Mwanasha mkono na kusema, "Nisamehe, Bi Mwanasha. Nimekuharibia Tende wako." Mwanasha akaitikia, "Ya Mungu hayo."

Banda likawa lake tena. Dawa zenye maandishi alisomewa na Romana, na hapakuwa na tatizo lolote, jambo lililomuumiza kwa namna yake, kwa kuona jinsi lilivyokuwa rahisi tangu mwanzo. Miezi minne alimuuguza Tende. Alisafisha vidonda kwa maji ya chumvi yaliyopoa, akabadilisha pamba asubuhi na alasiri, akamtembeza hatua chache kwenye mchanga mgumu bahari ikiwa imekupwa. Mnyama hakumchukia. Alikoroma kama zamani akimsikia anakuja, na Mwanasha alitamani asikorome.

Vidonda vilipopona, manyoya yaliota tena, lakini pale bandeji ilipokata yaliota meupe. Pete nne nyeupe, moja juu ya nyingine, kwenye mguu wa hudhurungi. Wageni walizipenda. Mwezi wa saba mwaka huu binti mmoja kutoka Dar alichuchumaa akazipiga picha kwa karibu.

"Mama, amezaliwa nazo hizi? Zimempendeza kama bangili!"

"Hakuzaliwa nazo," alisema Mwanasha.

"Zimetokana na nini?"

Mwanasha alimfungia Tende ndani, akavuka ua mpaka ofisini kwa Mzee Ignasi, akasimama mlangoni na kandambili zake mkononi.

"Mzee, habari ya mguu wa Tende. Ile siku Klementi anafunga, mimi nilipita. Nikaona hakuweka pamba. Nikaona amekaza. Akaniuliza, nikamwambia endelea. Na siku ya pili nilimsikia Tende akipiga ukuta, nikakaa."

Mzee Ignasi alivua miwani. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma.

"Bi Mwanasha, usijitese. Kijana alikuwa na daftari, alikuwa na simu, angeweza kuuliza daktari. Wewe ungejuaje? Na hata kama ungesema, nani angekusikiliza wewe dhidi yake?" Akacheka kidogo kumfariji. "Yamekwisha. Nenda kapumzike."

Alitoka pale akiwa mwepesi kwa namna mbaya, kama mtu aliyepeleka mzigo mahali akaambiwa mzigo haupo. Alikuwa amekwenda kukiri kosa, na kosa lenyewe amenyimwa. Mikorosho walichukua, banda walichukua wakarudisha, na sasa hata dhambi yake waliona ni kubwa mno kwa mtu kama yeye.

Jumamosi alimfunga Tende bandeji mapema, akapanda gari mpaka Mingoyo. Alikuwa amesikia kwamba Klementi anaendesha bodaboda pale njia panda. Akamkuta kijiweni, amekaa juu ya pikipiki, anakula muhogo wa kuchoma. Wenzake walipomwona mwanamke wa makamo, mwenye baibui, anakuja moja kwa moja, wakaanza.

"Klementi, mama mkwe huyo! Umefanya nini?"

"Kaja kudai mahari iliyobaki! Kimbia!"

"Nyamazeni, ni mtu wangu wa Lindi," alisema Klementi. Akashuka, akajipangusa mkono. "Shikamoo, Bi Mwanasha. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Njoo huku."

Walisimama kando ya duka lililofungwa. Klementi alikuwa amekonda kidogo usoni. Kabla hajaambiwa kitu aliuliza, "Tende hajambo?"

"Anatembea. Hapandwi." Mwanasha alitazama chini, kisha akajilazimisha kuinua uso. "Klementi, siku ile uliponiuliza, pamba niliiona rafuni."

Hakuelewa. "Pamba gani?"

"Ilitakiwa uweke pamba kwanza. Mkaja si kukaza. Mkaja ni kuweka kitu laini, kisha kusawazisha. Nilikufundisha nusu makusudi. Halafu ukaniuliza, nikaona unavyokosea, nikakwambia ndiyo. Nilitaka uaibike. Na mbele ya daktari nikasema uongo."

Pikipiki moja iliwashwa nyuma yao, ikazimika.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ile. Umesimama na ndoo yako pale, ukijua."

"Nikijua."

"Mimi mwaka mzima najiita mjinga!" Sauti ilipanda, na kijiweni utani ukakoma. "Nikifunga mzigo wa mtu hapa kwenye pikipiki nafungua nafunga upya, siamini mkono wangu. Baba yangu haniombi hata nimfungie mbuzi. Ungesema legeza. Neno moja, Bi Mwanasha! Legeza!"

"Neno moja," alikubali.

"Mzee Ignasi umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema mimi ningejuaje."

Klementi alicheka kwa hasira. "Huyo hakujui. Wewe ulijua kuliko sisi wote pale. Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Mwanasha alisimama akayapokea maneno yale. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, hata Yunusu hakuyasema waziwazi namna hii, na yalikuwa yamekuja yakiwa yamebebwa na hasira ambayo ilikuwa haki ya mwenye kuyasema. Akasema nisamehe. Klementi alipiga teke kokoto, akatazama barabara ya Lindi, gari dogo likija polepole na konda akining'inia mlangoni.

"Bado unamfunga?" aliuliza bila kumtazama.

"Akitembea sana mguu unajaa. Nimemfunga leo asubuhi."

"Unamfungua saa ngapi?"

"Alasiri."

"Basi nenda," alisema, akanyoosha mkono kulisimamisha lile gari. "Utachelewa."

Mwanasha akapanda. Alipogeuka dirishani Klementi alikuwa amekwisha rudi kijiweni, ameligeuzia mgongo gari na Mwanasha aliyemo, na wenzake walikuwa wakimsubiri aseme.